Biri za Mkwe

Katika nyumba yetu ya Pasiansi, mjini kando ya ziwa, kulikuwa na kikombe kimoja cha bati, cheupe chenye ukingo wa buluu, ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukinywea isipokuwa mume wangu. Hata mimi sikuruhusiwa, na nilikuwa mke wake wa ndoa ya kanisani. Alikuwa Mhaya wa Bukoba, Mlutheri, mtu wa kuchemsha maji na kuyachuja kwa kitambaa. Akikuona umeonja mchuzi kwa mwiko kisha ukaurudisha mwiko sufuriani, siku hiyo anakula ndizi bila mchuzi. Nakitaja kikombe mapema kwa sababu bila hicho habari ya biri haitaeleweka.

Biri, kwa asiyeijua, ni sigara kubwa ya jani tupu. Haina karatasi. Majani yanakunjwa ndani ya jani, na jani la juu kabisa ndilo linaloshika yote. Mume wangu alijifunza kuzisokota nyumbani, kwa kujifurahisha, kama wanaume wengine wanavyofuga njiwa. Kazi yake ya mshahara ilikuwa kwenye kinu cha pamba, kupanga pamba kwa madaraja. Alichukua kipande cha pamba, akakivuta polepole kwa vidole vya mikono miwili, akatazama urefu wa nyuzi, akasema daraja lake, na hakuna aliyebishana naye. Jioni vidole vile havikuwa na la kufanya, na nadhani hilo lilimsumbua kuliko kukosa sigara.

Sigara nazo, miaka ile ya Ujamaa, kuna wakati zilikuwepo dukani na kuna wakati zilikuwa habari tu. Unasikia zimefika duka la ushirika, unakwenda, unakuta foleni, na mbele ya foleni unakuta dawa ya viatu. Meneja wa zamani wa kinu, mgeni aliyerudi kwao baada ya kinu kuchukuliwa na serikali, alikuwa ameacha ofisini sanduku jembamba la mbao lililowahi kuwekwa biri za nje. Lilikuwa tupu. Mume wangu aliomba apewe, akapewa, akalileta nyumbani na kulifungua mezani ili ninuse. Lilinukia vizuri, sikatai. Akasema kama mtu alizisokota hizo kwa mikono, basi na yeye mikono anayo.

Zile za kwanza ziliwaka kama nyasi. Nyingine zilifumuka mdomoni. Alinunua tumbaku ya sokoni, kavu, ikapasuka kila alipoikunja, mpaka akakumbuka mgomba. Watu wa kwao kila jambo huanzia kwenye mgomba. Aliweka vipande vya shina la mgomba chini ya chungu, juu yake majani ya tumbaku, akafunika, na kesho yake majani yalikuwa laini kama ngozi ya sikio. Baada ya hapo alipata njia. Anachuna uti wa katikati ya jani. Anakusanya majani ya ndani kiganjani, anayabana. Anayafunga kwa jani moja gumu. Kisha anatandaza jani zuri kuliko yote juu ya ubao, analikata kwa wembe, na hilo aliliita kanzu. Anaivalisha biri kanzu yake kwa mshazari, anavuta, anazungusha, na mwisho analamba ukingo wa jani kuanzia mwanzo hadi mwisho, taratibu, macho ameyafumba, kisha analilaza kwa kidole gumba. Jani likikauka halifunguki.

Nilimwona akifanya hivyo jioni nyingi sana, kiasi kwamba nilikuwa nimeacha kuona.

Balozi wa nyumba kumi alikuja mara moja kuuliza kama hii ni biashara, maana zilikuwa siku za kuwasaka walanguzi na harufu yetu ilifika mbali. Mume wangu alimkaribisha kiti na kumpa biri moja. Balozi alivuta mara mbili, akakohoa mpaka machozi yakamtoka, akanyanyuka akasema ameridhika, kitu kama hiki hakuna mtu angekinunua. Alikuwa mtu wa haki.

Basi ndivyo tulivyokuwa tukiishi, mimi, yeye na watoto wawili wadogo ambao hawamo katika habari hii, mama yangu alipoanza kupofuka.

Mama alikuwa Msukuma wa Misungwi, mjane, na mimi ndiye mtoto wake wa pekee. Watu walipohamishiwa vijijini alihamishwa na yeye, akapewa kiwanja kando ya barabara, nyumba imepangwa mstari mmoja na nyingine. Hakulalamika sana. Alichokataa ni kuacha tumbaku yake. Alikuwa amezoea kuipanda palipokuwa zizi la ng'ombe, ambapo samadi ya miaka mingi imelala, na zizi lilibaki kwenye mahame, kule walikohamishwa. Kila siku akawa anatembea kwenda mahame na kurudi. Majirani wapya walimwona akianza kupapasa njia kwa fimbo, wakaniletea habari. Nilipokwenda kumtazama nikakuta mkono wake una kidonda cha moto. Alikuwa amelikosa jiko akashika kaa.

Daktari wa macho pale mjini alisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba ugonjwa huo unatibika. Atapasua moja kwanza. Likipona, na mgonjwa akiwa amepata nguvu, atapasua la pili, ambalo lilikuwa limeharibika zaidi. La pili likiachwa litaanza kuuma na mwisho litakufa kabisa. Kwa hiyo mama alitakiwa kukaa mjini miezi kadhaa, na mjini hakuwa na nyumba nyingine ya kukaa ila yangu, yaani ya mkwe wake.

Hapo ndipo penye shida. Kwa desturi aliyolelewa nayo mama, mama mkwe na mkwe hawatazamani. Hawashikani mikono, hawali pamoja, hawapeani kitu mkono kwa mkono. Wakikutana njiani mmoja anaingia kichakani. Si chuki, ni heshima, na heshima hiyo ina kazi yake. Lakini kichaka hakipatikani ndani ya nyumba ya vyumba viwili na sebule. Mama alikataa katakata. Alisema heri apofuke akiwa na adabu zake.

Nilimbembeleza hadi nikaishiwa maneno. Mwishowe alijishawishi mwenyewe, kwa hoja yake mwenyewe, na hoja hiyo ndiyo iliyotushika baadaye. Alisema, "Mkatazo ni wa kutazamana. Mimi sioni. Nisiyemwona nitamtazamaje?" Nikasema kweli kabisa. Ningesema kweli hata angeniambia jua linazama Ukerewe na kuchomoza Bukoba. Alifunga kanga zake na mzigo mkubwa wa tumbaku ya mahame, tukapanda basi.

Nyumbani walikaa vizuri kuliko nilivyotarajia. Mume wangu akifika kutoka kazini alikohoa langoni. Mama, kwenye kiti chake karibu na mlango wa jiko, alijifunika kanga kichwani. Mume wangu akasimama uani akaniambia, "Mwambie mama shikamoo." Mama akaniambia, "Mwambie marahaba." Walikuwa wanasikilizana vizuri, hakuna aliyekuwa kiziwi, lakini ilibidi maneno yapite kwangu. Mchana kutwa, kazini kwangu, nilikuwa opereta wa simu, natia waya huku, natoa kule, naunganisha watu nisiowajua. Jioni nikarudi nyumbani kuendelea na kazi ileile bila mshahara.

Sasa, mama alikuwa mvutaji. Alivuta kama walivyovuta bibi wengi wa pande zetu za ziwa, moto ndani ya mdomo. Anawasha, anageuza, upande unaowaka unaingia ndani, na nje kinabaki kipande kikavu ambacho hutajua kama kinawaka au la. Anaweza kupeta mchele, kusuka nywele na kusengenya, majivu hayamwangukii mtu. Mume wangu alipojua kwamba mzee anasokota majani yake ovyo kwa karatasi za daftari la watoto, alisikitika kama fundi. Aliniomba nimwombe mama majani machache ya mahame. Mama akatoa. Kesho yake biri ya kwanza ilipita mkononi mwangu kutoka kwa mkwe kwenda kwa mkwe, maana Kiswahili kinawaita wote wawili jina moja.

Mama aliivuta, akamaliza. Akasema nimwambie imebanwa mno, ni kama kunyonya mfupa. Mume wangu akafikiri. Ya pili akaifanya nyembamba zaidi, akalegeza majani ya ndani, kwa sababu moto unaokaa ndani ya mdomo hauna hewa nyingi. Mama akasema nimwambie hii inakwenda, ila inaisha kabla ya mazungumzo. Ya tatu ikawa ndefu. Wakaendelea hivyo, wiki baada ya wiki, yeye akituma biri na mama akirudisha maneno. Walifahamiana watu wale wawili kwa namna ambayo mimi sikufahamiana na yeyote kati yao. Jioni moja mama alipuliza moshi akasema leo mkwe ana jambo linamsumbua kazini, maana amevuta jani kwa hasira. Nikamuuliza mume wangu, kumbe kweli, walikuwa wamegombana kuhusu mizani. Niliona wivu. Sioni aibu kusema hivyo.

Kuhusu pazia, hatukutundika. Ya nini, na mama haoni? Meza ya mume wangu ilikuwa baraza ya nyuma, kiti cha mama karibu na mlango wa jiko, na katikati ni ua mdogo wenye kuku.

Jicho la kwanza lilipasuliwa, likafungwa bendeji, likafunguliwa. Akapewa miwani minene kama kitako cha bilauri. Alirudi nyumbani nikiwa nimemshika mkono, lakini alikuwa ameshautoa mkono wake kabla hatujafika langoni. Alikaa kwenye kiti chake akatazama kila kitu. Alitazama kuku, akasema yule jogoo ni mgonjwa. Alitazama dari ya jiko, akasema ina masizi. Alinitazama mimi kwa muda mrefu, akasema nimezeeka, na kwamba nafanana na shangazi yangu mmoja ambaye hakupendwa na mtu. Nilifurahi sana siku ile. Hakuna kitu duniani nilichotaka zaidi ya kuona mama akinikosoa.

Jioni mume wangu alikohoa langoni. Mama akajifunika, akainamisha kichwa, shikamoo na marahaba zikapita kwangu. Mume wangu akanawa, akaenda barazani, akaketi akitugeuzia mgongo nusu, akafungua chungu chake. Hakufikiria lolote. Mimi pia sikufikiria, nilikuwa nachambua mchicha.

Mama aliniambia baadaye kwamba hakumtazama mkwe wake. Alitazama mikono tu. Alitaka kujua mikono ile inafanyaje kazi, kwa kuwa alikuwa amevuta kazi yake muda mrefu bila kuijua. Akaona jani likichunwa uti. Akaona wembe. Akaona kanzu ikizunguka. Kisha mikono ikapanda juu, na yeye, akiifuata, akaona ulimi.

Jioni ile alianza visingizio. Nilipompelekea biri alisema kifua kinambana. Kesho yake akasema hivyohivyo. Siku iliyofuata nilimkuta anakunja kanga zake juu ya kitanda. Nikamuuliza anakwenda wapi, akasema kwake. Nikamkumbusha jicho la pili. Akasema Mungu amempa moja, linatosha. Wakati huohuo alinyoosha mkono kushika kikombe cha chai juu ya stuli akakikosa, maana mwenye jicho moja na miwani mipya hajui kitu kiko mbali kiasi gani. Chai ikamwagika yote. Sote wawili tuliitazama sakafu.

Nikamlazimisha aseme. Akasema.

"Mama, ni mate tu," nikamwambia.

"Mate ya nani?"

Niliinama nikaokota kikombe.

"Ndege anamlisha kinda wake kwa mdomo wake," akasema. "Mtu akikulisha mate yake ndiye mzazi wako. Sasa mimi nimekuwa kinda wa mume wako? Niliyempa mke?"

Hakuwa na hasira. Angekuwa na hasira ningejua pa kushika. Alikuwa ameona haya, haya ya kweli, kama mtu aliyegundua kwamba ametembea sokoni siku nzima nguo imepasuka nyuma. Alisema sasa anaona, na hoja iliyomleta hapa imekwisha, na amekaa katika nyumba ya mkwe akila mate yake, na watu wa kwao wakisikia atawaambia nini.

Mume wangu nilipomwambia alibaki ameshika kitasa cha mlango. Akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye aliosha mikono kila mara. Mikono! Nilimkasirikia sana, kisha nikaona hana kosa la kukasirikiwa. Mimi ndiye Msukuma, mimi ndiye niliyepokea na kupeleka, na mimi pia sikuona. Mji unakuondolea mambo hayo bila kukuaga. Akasema atatafuta mbuzi, kwani alikuwa amesikia kwamba kwetu makosa ya ukwe huoshwa kwa mbuzi. Nikapeleka maneno hayo kwa mama. Mama akasema mbuzi ni wa mtu aliyekusudia. Huyu hakukusudia, na mbuzi hatatoa tumboni kilichokwisha kumezwa. Kesho asubuhi nimpeleke stendi.

Siku ile kazini niliunganisha kinu cha pamba na nyumba ya mapadre, na watu wa samaki nikawapa polisi. Msimamizi aliniuliza kama naumwa. Nilikuwa naona jiko la mama kule Misungwi, na mkono wake ukilitafuta.

Niliporudi mchana, kwa ruhusa ya msimamizi, nilikuta mzigo wake umefungwa na uko mlangoni. Lakini mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kiti chake, miwani usoni, na ubao wa mume wangu juu ya magoti. Aliniambia nilete chungu. Nikaleta. Akachagua majani yake mwenyewe ya mahame, akayanusa moja moja, akaanza kusokota. Hakujua kupima umbali, kwa hiyo kwa kila jani alinyoosha mkono mara mbili kabla ya kulipata. Biri ilikuwa mbaya. Ilikuwa nene katikati na imepinda. Alipofika kwenye ukingo wa kanzu aliinyanyua akailamba. Akailamba kutoka mwanzo hadi mwisho, akageuza, akailamba tena upande ambao haukuhitaji. Hakufanya haraka. Nilisimama pale na mfuko wangu wa kazini begani.

"Mate ya mkubwa kwa mdogo ni baraka," akasema. "Tunawatemea wajukuu, wanakua. Yake kwangu yalipanda mlima. Haya yanashuka. Mpe avute. Akiivuta yote, tumerudishiana, nitakaa mpaka jicho la pili. Akiitupa, kesho nipeleke stendi."

Mume wangu alikohoa langoni kama kawaida yake. Nilimpa biri na nikampa maneno, yote, bila kupunguza. Alikuwa amenyoosha mkono kuipokea kabla sijamaliza, na nilipofika kwenye mate mkono ukasita. Akaishika kwa ncha za vidole viwili, kama anavyoshika pamba iliyonyeshewa. Kanzu ilikuwa bado na unyevu, inang'aa. Nilimwona akikitazama kikombe chake cha bati kwenye rafu, kile cha ukingo wa buluu, kama mtu anayetazama ndugu yake ng'ambo ya maji. Akaniuliza, karibu kwa kunong'ona, kama mama alikuwa amesukutua.

Nikamwambia sijui, na sitauliza.

Mtu huyu kwa miezi alikuwa amemlisha mwenzake mate yake bila kuwaza, na hapa, ilipokuwa zamu yake, jasho lilimtoka kwenye mdomo wa juu. Nilitaka kucheka lakini mzigo wa mama ulikuwa mlangoni. Upande wa pili wa ua mama alikuwa amejifunika kanga na kugeuza uso kando, kama desturi inavyotaka. Miwani haikuwa imegeuka sana.

Akaenda barazani akaketi. Akawasha. Biri ilizimika, kwa sababu ilikuwa mbichi, akawasha tena. Akavuta, akameza kitu, akavuta. Ilimchukua jioni yote. Mara mbili alisimama nikadhani anakwenda kuitupa chooni, kumbe ananyoosha mgongo. Mchicha wangu uliungua. Kuku waliingia kulala. Alivuta mpaka kipande kikamchoma vidole, ndipo akakiweka chini, akakikanyaga, akaniita.

"Mwambie mama," akasema, "biri yake imelegea upande wa kushoto."

Sikupata nafasi ya kumwambia. Mama alikuwa ameshaanza kucheka, amejiziba mdomo kwa kanga, mabega yanatikisika. Aliponyamaza akasema, "Mwambie atanifundisha." Niliingia jikoni nikalia kidogo, nikanawa uso, nikapakua mchicha ulioungua. Kisha nikaufungua ule mzigo na kurudisha kanga mahali pake.

Sharti lilikuwa kwamba kuanzia siku ile mate yasitumike. Nilimpikia mume wangu uji mzito wa muhogo, nikauweka katika kikombe kidogo juu ya meza yake, apake ukingo wa kanzu kwa kidole kama anayebandika bahasha. Nilinunua na jamvi la kutundika katikati ya ua, lakini mama alisema linazuia upepo wa ziwani, likabaki limekunjwa. Mume wangu alipaka uji kwa utii. Biri zilishika. Tatizo lilikuwa ladha. Uji ukiungua unanuka ukoko, na moto unaokaa ndani ya mdomo hausamehe. Mama alivuta akasema nimwambie leo ni kama kuvuta sufuria. Kesho yake akasema nimwambie ajaribu uji mwepesi. Mume wangu akajaribu mwepesi, kanzu zikafunguka. Akajaribu utomvu wa mti fulani, mama akatapika. Akarudi kwenye uji. Mama akawa anazivuta nusu nusu, anaziweka kando, na maneno aliyonituma yakawa machache. Nilihuzunika kuona hivyo. Walikuwa wamepatana na hawakuwa tena na la kuambiana.

Jicho la pili lilipasuliwa, likapona vizuri kuliko la kwanza. Daktari alimpa miwani nyingine, na sasa aliweza kutia uzi kwenye sindano akiwa amekaa kivulini. Chai haikumwagika tena. Alianza kusema habari za kurudi kwake mvua zikianza, na safari hii nilijua atakwenda kwa sababu ya shamba na si kwa sababu nyingine. Alikuwa bado na wiki chache nasi.

Katika wiki hizo niligundua kwamba hasemi tena habari za ukoko. Alivuta biri yake yote hadi mwisho, akanituma nimwambie mkwe hii ya leo imetulia. Nikadhani mume wangu amepata dawa ya uji. Jioni moja nilikwenda barazani kukusanya vyombo kabla hajaanza kusokota, nikakitazama kile kikombe kidogo. Uji ulikuwa umeshika utando juu, umekauka pembeni na kupasuka. Haukuwa umeguswa na kidole siku nyingi. Mume wangu aliona kwamba nimeona. Alichukua ubao akaanza kuufuta.

Niligeuka kumtafuta mama. Alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango wa jiko, anashona pindo, macho mawili mazima. Alisikia kiti cha mkwe wake kikivutwa. Alisikia wembe ukikwangua ubao. Akachomeka sindano kwenye nguo, akavua miwani, akaifunga vizuri katika ncha ya kanga, akageuzia uso upande wa baraza, akangoja biri yake.